Ufa Umewahi, Hesabu Imechelewa: Kutafuta Kosa Kwenye Utabiri wa Uchovu wa Mtetemo wa Vipande vya Ndege

Mwongozo huu ni wa mhandisi au fundi wa ndege aliyekwisha kukadiria uhai wa uchovu (muda kabla mitetemo inayojirudia haijakipasua) wa kipande fulani (breketi, kishikio cha antena, kifuniko, ubavu mdogo wa bawa) na jibu likamshinda kuelewa. Ama ufa umetokea mapema mno, ama programu mbili zimepishana mara mia mbili na zaidi, ama kompyuta inadai kipande kitaishi milele. Malalamiko haya hujirudia kila mara, na sababu zake nazo hujirudia.

Kabla ya dalili yoyote, shika jambo moja. Uhai wa metali inayotetemeshwa hupungua kwa kadiri ya mkazo uliopandishwa kwenye kipeo, yaani mkazo ukizidishwa kwa wenyewe mara nyingi. Kipeo halisi kisome kwenye mkunjo wa S-N (mchoro wa mkazo dhidi ya idadi ya mizunguko hadi kuvunjika) wa malighafi yako na wa umbo lako. Kwa mifano ya humu nitatumia 8, ambacho kinafaa kwa makadirio ya aluminiamu ya ndege. Kwa kipeo hicho, mkazo ukizidi kwa asilimia 10 tu, uhai unapungua zaidi ya nusu. Mkazo ukiwa maradufu, uhai unagawanywa kwa 256.

Kwa hiyo uhai ukikataa kukubaliana na hali halisi, mtuhumiwa wa kwanza ni mkazo, na nyuma ya mkazo kuna mzigo na resonansi, yaani mtetemo unaokuzwa mapigo ya nje yanapoangukia masafa asilia ya kipande, yale kinayotetemeka chenyewe kikigongwa. Kanuni ya kujumlisha madhara huja mwisho kabisa. Nimeona watu wakikesha kubadilisha kanuni moja ya kuhesabu kwa nyingine ilhali breketi yenyewe inapigwa na propela kwenye masafa yake asilia.

Dalili ya 1: Ufa umeonekana mapema kuliko hesabu

Hili ndilo linaloletwa zaidi, na ndilo la hatari zaidi. Fuata mpangilio huu.

*Resonansi.* Anza hapa daima. Chukua mwendo wa propela kwa dakika, gawa kwa 60, zidisha kwa idadi ya panga zake. Cessna 208 Caravan, ambayo kwenye viwanja vya mbugani vya Tanzania na Kenya ni ya kila siku, ikiwa na propela ya panga tatu huruka safari kwa mizunguko 1,600 hadi 1,900. Maana yake hewa inaupiga mwili wa ndege mara 80 hadi 95 kwa sekunde. Dash 8 Q400 yenye panga sita huzungusha 1,020 wakati wa kupaa na 850 ikiwa safarini: mapigo 102 na 85. Kwenye Cessna 172 yenye injini ya silinda nne na propela ya panga mbili, miwako ya injini na mapigo ya panga vinaangukia masafa yaleyale. Kwa mizunguko 2,400 vyote viwili vinapiga 80 Hz (mara 80 kwa sekunde), na hapo kipande hafifu hakina pa kukimbilia.

Sasa linganisha na masafa asilia ya kipande. Wengi tunapenda kuacha pengo la angalau asilimia 20 pande zote mbili, na kuangalia pia maradufu ya mapigo hayo, yaani 160 hadi 190 Hz kwa Caravan. Breketi ya 88 Hz kwenye Caravan haihitaji hesabu ya uhai. Inahitaji umbo jipya.

Masafa asilia yapime kwa kugonga: umeme umezimwa, ruhusa ya mwenye dhamana ya ndege ipo, akselerometa ndogo (kihisi cha mtetemo) imebandikwa, nyundo yenye kichwa cha mpira. Gonga kipande kikiwa kimefungwa mahali pake ndani ya ndege, kikiwa na kifaa chake na nyaya zake zote. Breketi iliyofungwa kwenye meza ya chuma karakana huonekana ngumu kuliko ilivyo, kwa sababu bati la ndege lililo nyuma yake linanepa na meza hainepi.

Usitumie simu kwa kazi hii. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haiwezi kuona chochote kilicho juu ya 50 Hz. Ubaya zaidi, mtetemo wa 95 Hz itauonyesha kama 5 Hz, nawe utaanza kutafuta tatizo la magurudumu.

*Ufifishaji wa kubahatisha.* Ufifishaji ni ule uwezo wa kipande kumeza mtetemo wake chenyewe. Kwenye modeli nyingi za kompyuta mtu huandika asilimia 2 kwa sababu ndivyo alivyokuta kwenye faili la mwenzake. Kama ukweli ni asilimia 1, resonansi inakuza mara 50 badala ya 25. Kwa mtetemo wa mapigo ya kudumu, kama wa propela, mkazo unakuwa maradufu na uhai unagawanywa kwa 256. Kwa mtetemo wa kubahatika, kama wa mvurugiko wa hewa, mkazo unapanda kwa mzizi wa 2 na uhai unagawanywa kwa 16. Jaribio lilelile la kugonga linakupa ufifishaji: tazama mlio unavyofifia. Namba moja iliyopimwa inazidi kurasa kumi za hoja.

*Mkazo wa kufungia.* Legeza bolti moja taratibu huku umeshika breketi. Ikiruka au ikisogea, ilikuwa imevutwa kwa nguvu ili kuziba mwanya, na tangu siku ya kwanza ilibeba mkazo wa wastani ambao modeli yako haina. Tiba ni kipande chembamba cha kujazia mwanya, kwa unene unaoruhusiwa na kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, kisha kukaza kwa spana ya toku. Kwenye hesabu, weka masahihisho ya mkazo wa wastani kama ya Goodman.

*Hali ya uso na matundu.* Mkunjo wa S-N ulipatikana kwa sampuli iliyosuguliwa vizuri. Tundu lako lina makovu ya keekee. Pitisha ncha ya kijiti cha mbao ukingoni mwa tundu. Ikikwama, kuna kingo kali ambazo ufa utazipenda. Ndege zinazolala Mombasa, Unguja au Dar es Salaam zina la ziada: chumvi. Kutu huchimba vishimo, na kishimo ni ufa uliokwisha kuanza. Kwa ndege hizo, usitumie data ya hewa kavu ukategemea ukweli.

Tazama pia vichwa vya riveti. Ukiona mchirizi mweusi au wa kijivu ukianzia kwenye kichwa na kurudi nyuma kufuata upepo, huo ni unga wa aluminiamu iliyosuguana. Futa kwa kitambaa cheupe chenye kiyeyushi. Mchirizi ukirudi baada ya safari chache, riveti hiyo inacheza, na kiungio hakifanyi kazi uliyokipa kwenye modeli.

*Uzito ulioongezwa.* Redio mpya, betri mpya, kamera. Uliza kitabu cha kumbukumbu za ndege, usitegemee maneno ya mdomo.

SIMAMA. Ufa wowote kwenye muundo mkuu (mhimili wa bawa, kiungio cha bawa na mwili, fremu ya injini, mkia, kishikio cha gia ya kutua) hauishii kwenye hesabu yako. Ndege isiruke. Uandike kwenye kitabu cha kumbukumbu na umwite mhandisi mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege. Usitoboe tundu la kuzuia ufa kwenye ncha yake bila mchoro ulioidhinishwa: ncha halisi mara nyingi iko mbele ya pale jicho linapoiona, na bila rangi ya kupenya au kipimo cha mkondo wa umeme wa kuzunguka utatoboa nyuma yake, na kuharibu ushahidi uliokuwa ukihitajika.

Dalili ya 2: Ufa upo, lakini si pale modeli ilipoonyesha nyekundu (mkazo mkubwa)

Hii ni habari njema kidogo, kwa kuwa mahali pa ufa panakuambia kipande kilikuwa kinajikunjaje.

Mara nyingi kosa liko kwenye miguu ya modeli. Umekifunga kipande kana kwamba kimemea kwenye mwamba, wakati kwa kweli kimeshikwa na riveti sita kwenye bati lisilofika unene wa milimita moja. Ongeza eneo la bati na fremu zinazolizunguka ndani ya modeli, kisha tazama upya maumbo ya mtetemo. Mara nyingi utaona umbo jipya, la kujipinda badala ya kupepea juu na chini, na ufa wako umo ndani yake.

Sababu ya pili ni nyuso mbili ulizozigandisha kwenye modeli ilhali zimeshikwa na bolti mbili tu. Ya tatu ni maumbo ya mtetemo uliyoyakata: ulichukua matano ya kwanza kwa kuokoa muda. Angalia jumla ya uzito unaoshiriki katika kila upande. Ikiwa bado iko mbali na asilimia 90, ongeza maumbo.

Na kama ufa umeanzia kwenye tundu ambalo halimo hata kwenye mchoro, mtu alilitoboa baadaye. Hutokea.

Dalili ya 3: Uhai unabadilika kila ninapobadilisha wavu wa modeli

Wavu ni vipande vidogo ambavyo modeli imegawanywa. Ukifinya wavu, mkazo unapanda; ukifinya tena, unapanda tena. Kama sehemu hiyo ni kona ya ndani isiyo na mviringo, mkazo huo hautatulia kamwe. Kihisabati unaelekea kusikokuwa na mwisho. Chora mviringo halisi wa kona, hata uwe wa milimita moja, kisha finya wavu mpaka mkazo utulie. Uhai uliosomwa kwenye kona kali ni tarakimu tupu.

Wavu mwingine ambao watu husahau ni hatua za masafa. Kilele cha resonansi kina upana wa takriban mara mbili ya ufifishaji ukizidishwa kwa masafa. Kwa 90 Hz na ufifishaji wa asilimia 1, upana huo ni 1.8 Hz tu. Ukihesabu kila baada ya 2 Hz, unaweza kuruka kilele kizima, na modeli ikakupa uhai mzuri wa uongo. Weka angalau hatua tano au sita ndani ya upana huo. Jaribu leo: gawa hatua yako kwa nne, uone kama uhai umesogea.

Dalili ya 4: Njia mbili za kuhesabu zinatoa majibu tofauti

Hapa ukubwa wa tofauti wenyewe unakutajia kosa. Kwa kipeo cha 8:

- Tofauti ndogo, chini ya mara 2 au 3: kawaida. Kuhesabu mizunguko kwa rainflow (njia ya Matsuishi na Endo ya mwaka 1968) na kanuni ya Dirlik ya mwaka 1985 (inayokadiria mizunguko kutoka PSD, mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila masafa) havitalingana tarakimu kwa tarakimu. Kanuni ya ukanda mwembamba, inayodhani mtetemo uko kwenye masafa karibu mamoja, huwa kali zaidi mtetemo unapokuwa na vilele viwili au vitatu vya masafa. Endelea na kazi.
- Karibu na 16: PSD ya upande mmoja imechanganywa na ya pande mbili, au ufifishaji umetofautiana maradufu.
- Karibu na 256: mmoja ametumia kimo kizima cha wimbi kutoka kilele hadi bonde, mwingine nusu yake. Hili ndilo kosa maarufu kuliko yote. Soma kichwa cha mkunjo wa S-N neno kwa neno.
- Karibu na 1,560: PSD ya Hz imesomwa kama ya radiani kwa sekunde. PSD inapishana kwa 2π, mkazo kwa mzizi wake.
- Makumi ya mamilioni, takriban milioni 86: g imechanganywa na mita kwa sekunde mraba.

Badilisha kipeo kuwa cha kwako na ujitengenezee orodha yako. Itakuokoa muda mwingi.

Kama hakuna hata moja inayolingana, tazama mkazo wa von Mises, ule unaounganisha mikazo ya pande zote kuwa namba moja. Huo daima ni chanya. Wimbi linalopanda na kushuka kupita sifuri, ukilipitisha von Mises, upande wa chini unakunjwa juu: kimo kinapungua nusu na masafa yanakuwa maradufu. Tumia mkazo wenye alama, au mkazo mkuu kwenye uso wa kipande, ambako ufa huanzia.

Mwisho, angalia kama mtetemo wenyewe unafuata masharti ya kanuni. Dirlik na wenzake wanadhani mtetemo wa kubahatika ulio tulivu, wenye kurtosisi (kipimo cha wingi wa vilele vikali) ya 3. Rekodi ya Caravan ikikimbia kwenye uwanja wa murramu wenye mashimo ina mishtuko, na kurtosisi yake itapanda juu ya hapo. Kwa rekodi kama hiyo, rudi kwenye rainflow juu ya mawimbi yenyewe.

Dalili ya 5: Jaribio la meza ya kutetemesha limepita, lakini ndegeni kipande kinakatika

Sababu ya kwanza ni mipangilio ya meza, na hapa wengi hushtuka. Vidhibiti vingi hukata vilele vya mtetemo kwenye sigma 3 (mara tatu ya mchepuko wa kawaida wa mtetemo), kulinda mashine. Hoja ni kwamba vilele vilivyo juu ya sigma 3 ni karibu asilimia 1.1 tu ya vilele vyote, kwa hiyo vinaonekana havina maana. Lakini piga hesabu ya madhara. Kwa mtetemo wa ukanda mwembamba na kipeo cha 8, hiyo asilimia 1.1 inabeba asilimia 53 ya uchovu wote. Vilele vilivyo juu ya sigma 4 peke yake vinabeba karibu asilimia 10. Ukikata kwenye sigma 3, umeacha sehemu kubwa ya adhabu halisi bila kuijaribu, na cheti kinasema imepita. Fungua ukomo huo mpaka angalau sigma 4, ikiwezekana 5, kama meza inamudu, na uandike kwenye ripoti ulikata wapi.

Sababu ya pili ni kishikio cha jaribio kilicho kigumu kupita ndege, jambo tulilokwisha kuligusa. Ya tatu ni kuharakisha: umeongeza ukali wa mtetemo ili saa 1,000 za ndege ziwe saa chache za maabara, kwa kutumia kipeo kisicho cha kipande chako. Kosa la kipeo hukua haraka kadiri unavyoharakisha zaidi.

Ya nne haipatikani mara nyingi, ila ikitokea ni nzito: sampuli ilikwisha kupewa mzigo mkubwa kabla ya jaribio la uchovu. Ndege ya abiria ya Comet ya Uingereza ilifundisha hili kwa gharama kubwa. Kisa chake ni cha shinikizo la kabini, si mtetemo, ila mantiki ni ileile. Sehemu ya mwili iliyojaribiwa kiwandani ilikuwa imeshinikizwa kupita kiasi kwanza kuthibitisha nguvu zake. Mkazo huo ulizinyoosha kidogo sehemu zilizokuwa zimekabwa zaidi na kuziachia mkazo wa kubana unaochelewesha ufa, na sampuli ikavumilia zaidi ya mizunguko 16,000. Ndege ya G-ALYP, ambayo haikuwa na historia hiyo, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 baada ya safari 1,290 hivi za shinikizo. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Uliza kila mara sampuli yako ilipitia nini kabla ya kufika mezani, na sampuli iliyokwisha kupimwa nguvu usiipe kazi ya kuthibitisha uhai.

Dalili ya 6: Programu inasema uhai hauna mwisho

Kuna mtu ameipa aluminiamu kikomo cha uchovu kama cha chuma cha kaboni. Aluminiamu haina kikomo kilichonyooka namna hiyo. Mkunjo wake unaendelea kushuka. Au data ya S-N inaishia kwenye mizunguko milioni 10, na programu inahesabu sifuri kwa kila kilicho chini ya hapo. Kwa 90 Hz, milioni 10 inatimia ndani ya saa 31. Kwa ndege inayofanya kazi hiyo ni wiki moja au mbili. Refusha mkunjo kwa mteremko unaoendelea, hesabu upya.

Tazama pia kama umetumia mkunjo wa wastani. Kwenye mkunjo wa wastani, nusu ya sampuli zilivunjika kabla ya namba unayoisoma. Kwa kipande cha ndege, chukua mkunjo wa chini wenye uhakika wa takwimu. Na kanuni ya Miner ya mwaka 1945, inayosema kipande hufa jumla ya madhara inapofika 1, ichukulie kama kipimo cha kulinganisha. Kwenye majaribio jumla hiyo huangukia chini na juu ya 1 kwa mapana, hivyo usiache kipande kifike hata karibu nayo kwenye karatasi.

Hesabu yako inaishia wapi

Kwa breketi ya kifaa kidogo, hesabu nzuri pamoja na ukaguzi wa kila baada ya saa fulani vinaweza kutosha, mradi mabadiliko yameidhinishwa. Zaidi ya hapo kuna mpaka, na huu ndio:

Usirefushe kwa hesabu yako uhai wa kipande ambacho mtengenezaji amekiwekea ukomo wa saa au wa safari. Ukomo huo ni sehemu ya masharti ya kuruka, hata kipande kikionekana kizima kabisa.

Usibadilishe unene, malighafi au idadi ya riveti kwenye muundo unaobeba mzigo ili "kuhamisha masafa" bila mchoro kutoka kwa mtengenezaji au shirika la usanifu lenye idhini, na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi iliyoisajili ndege, iwe TCAA Tanzania au KCAA Kenya. Kuongeza ugumu hapa huhamisha mkazo pale, mara nyingi kwenye bati ambalo hakuna anayelikagua.

Ufa ukirudi mahali palepale baada ya kubadilisha kipande, acha kubadilisha. Mtetemo unatoka penginepo: propela isiyo na mizani, mpira wa kushikilia injini uliochakaa, panga lililogongwa na jiwe na kusuguliwa bila kupimwa. Agiza propela ipimwe mizani ikiwa kwenye ndege, na mipira ya injini ikaguliwe, na mtu mwenye vifaa na leseni ya kazi hiyo.

Na rubani akikuambia mtetemo umebadilika ghafla, iwe sauti, iwe usukani unaocheza mkononi, usimwombe aruke tena ili upate rekodi nzuri. Ndege ibaki chini mpaka chanzo kijulikane.